Wingu Lililogeukia Baharini

"Unalipwa kutazama mawingu, na pilipili zangu zimelowa chapachapa!" Kanakamma wa chumba cha chini alifoka, ungo kiunoni. "Si ulisema jua?"

"Nilisema jua kule kisiwani kwenye roketi, Mama. Paa lako sikulitaja," Vasudha akajibu kutoka ngazini, akichomeka asumini kwenye msuko wake.

"Kwani paa langu liko Delhi?"

Kichochoro kizima cha Sullurupeta kikaangua kicheko. Simu ikalia. Alikuwa Phani wa duka la sari, karibu na stendi.

"Malkia wa mawingu, umemaliza kugombana?"

"Bado. Unasemaje, mtu wa vitambaa?"

"Nakutaka kesho asubuhi, ndani ya hariri ya kijani niliyokuchagulia."

Vasudha akaketi ngazini. Tufani ilikuwa imeahirisha urushaji wa roketi, na sasa umeangukia kesho, saa ileile njema ambayo kuhani aliwapangia wavishane pete. Mtabiri mwenzake wa hali ya hewa kalazwa na homa ya dengue. Na keshokutwa unaingia mwezi ambao hakuna anayeposa wala kuoa.

"Phani, niko zamu."

"Basi tamka neno moja tu." Sauti ya Phani ikashuka. "Sema unaona wingu la radi. Wataahirisha, utakuja. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Siku radi ikija kweli, nani ataniamini?"

"Mama ameshaalika ukoo mzima, Sudha!"

"Omba wingu lenyewe lije, mpenzi. Likija, utaniona nakuja mbio, hata viatu sivai."

Asubuhi alivaa ile hariri, koti la kazi juu yake. Kule kisiwani akaachia puto la kupimia upepo, akalifuatilia mpaka likawa kama punje ya mtama. Kusini likainuka wingu jeusi, zito. Moyo ukamruka. "Njoo," akalinong'oneza. "Njoo, baba."

Likakaribia. Kisha upepo ukalisukuma baharini, likaenda zake.

"Hali ya hewa?" mkuu wa urushaji akauliza kwenye simu.

Akaitazama tena bahari. "Safi," akasema. "Rusheni."

Madirisha yakatetemeka, watu wakakumbatiana. Vasudha alikuwa anampigia Phani. Simu haikupokelewa.

Jioni alimkuta Phani amekaa ngazini kwake, bado na dhoti, shuka lake la sherehe, alama nyekundu kwenye paji la uso. Kidoleni, pete.

"Saa ilikuwa inapita," Phani akasema, macho chini. "Kuhani akasema isipotee bure. Himavati, binti wa mjomba, alikuwa pale pale anagawa maua. Mama akamkalisha mahali pako."

Kwao, binti wa mjomba ni mke halali, hakuna aliyeshangaa.

"Na wewe?"

"Nilikuwa na hasira. Nikasema moyoni, amechagua roketi. Nikanyoosha mkono." Akaizungusha pete kidoleni. "Halafu tukasikia mngurumo, nikatoka nje. Anga jeupe pe. Hapo ndipo nikajua hukuwa na wingu lolote la kutaja."

"Pete huwezi kuirudisha?"

"Nikiirudisha, nani atamposa yule mtoto wa watu?"

Vasudha akajifuta uso kwa pindo la hariri. "Basi usimrudishie. Na usimwambie ulikuja hapa."

Kanakamma alikuwa dirishani, akalifunga pazia taratibu.

"Umekula?" Vasudha akauliza.

"Wamepika masufuria na masufuria. Hata tonge halikupita."

Vasudha akafungua kufuli, akausukuma mlango kwa bega.

"Vua viatu, Phani. Ingia ule."