Hina ya Rachida

Kila alipotoka shule, Zuleica alivua sare, akala, kisha akaenda uani kumsaidia bibi yake kuutunza mhina. Nyumba yao ilikuwa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na uwanja wa ndege. Mhina ule ulikuwa mrefu kuliko mtu mzima, na maua yake madogo meupe yalinukia mpaka njiani. Bibi Mwanahamisi aliuotesha kwa kijiti alichokata kwenye mhina wa mama yake, na mabibi harusi wengi wa mtaa walipakwa hina yake.

Safari hii bibi harusi alikuwa Rachida, dada yake Zuleica. Bibi alichuma majani akayatandaza mkekani, nyuma ya nyumba.

"Yakauke hapa kivulini, jua linaua rangi," alisema. "Uyageuzegeuze, na mvua ikija uyaingize ndani. Mimi naenda kwa shangazi yako, nitarudi siku ya kupaka."

"Sawa, Bibi."

Siku hizo watu wa kampuni za gesi ya baharini walikuwa wameanza kuja, na helikopta zao zilitua uwanjani zikitoka baharini. Zuleica aliposikia mngurumo, alikimbia kwenda kutazama. Mvua ilinyesha yuko hukohuko. Aliporudi, majani yalikuwa yamelowa, na kuku wameyaparura matopeni.

Aliogopa kusema. Akayatupa yaliyoharibika, akakausha machache yaliyobaki na kuyatwanga. Unga ulikuwa kidogo mno. Akakumbuka pakiti ya rangi nyeusi ya nywele iliyokuwa chumbani kwa mama yake. Akaichanganya humo.

"Mbona mweusi hivi?" Bibi aliuliza, aliporudi na kuuona unga.

"Nimeutwanga sana, Bibi."

Bibi alimwamini mjukuu wake. Jioni hiyo alikoroga unga kwa maji ya ndimu, akampaka Rachida mikononi.

Asubuhi mikono ya Rachida ilikuwa imevimba na kutoka malengelenge. Wanawake waliokuja kupika walitazamana.

"Mhina wa bibi huyu umeingia ugonjwa," mmoja alinong'ona. "Mwanangu hapakwi tena hapa."

Bibi alisikia. Alichukua panga akaenda uani, na tawi la kwanza likaanguka. Zuleica alimkimbilia. Uso ulimwaka kwa aibu, akatamani ardhi immeze.

"Bibi, usiukate," alisema, mbele ya wanawake wote. "Mhina hauna kosa. Mimi nilitia rangi ya nywele."

Rachida alimtazama, kisha akageukia ukutani.

"Pakiti iko wapi?" Bibi aliuliza, akaweka panga chini.

Waliipeleka hospitali pamoja na Rachida. Muuguzi Domingas aliisoma, akamwosha mikono na kumpaka dawa. "Rangi hii huchoma ngozi," alisema. "Msiitie kwenye hina hata kidogo. Afadhali mmekuja nayo, nimejua cha kutibu."

Harusi iliahirishwa mpaka vidonda vipone. Zuleica alizunguka na bibi yake nyumba kwa nyumba, akisema mwenyewe alilolifanya. Kila mlango ulikuwa mgumu kuliko uliotangulia. Wengine walimwitikia kwa upole. Wengine walimtazama tu.

Siku ya kupaka ilipofika tena, Rachida alikataa kupakwa mikono. Alitaka miguu tu. Zuleica alitwanga majani mabichi mbele ya wote, akakaa pembeni. Hakuthubutu kumtazama dada yake.

"Njoo unipake wewe," Rachida alisema, akanyoosha mguu.

Bibi akasogea karibu nao. "Majani kulowa lilikuwa kosa dogo, mjukuu wangu. Ungeniambia, tungechuma mabichi kama haya, tukatwanga. Mvua haikumdhuru mtu. Uongo wako ndio uliomchoma dada yako."

"Nimekosa, Bibi. Nisamehe, dada."

"Paka," Rachida alisema taratibu. "Usitetemeke."