Fremu ya Mvule

Foleni ya sabuni na foleni ya misumari zilikutana mlangoni mwa duka la ushirika la Tarime, na hapo ndipo Veronika Wangwe alipokanyagwa.

"Ndugu, hicho ni kidole changu," alisema.

"Samahani, dada. Nimekuja kutafuta misumari, nimepata kidole."

Aliyesema hayo alikuwa kijana mrefu, ovaroli yake imejaa vumbi la mbao, penseli nyuma ya sikio. Veronika alikuwa amevaa gauni lake la tetroni la rangi ya machungwa na viatu vya raizoni vyenye soli nene, na tangu saa mbili asubuhi alikuwa amesimama juani kwa ajili ya kipande cha sabuni. Alitaka kukasirika, ila hakuwa na nguvu. Akacheka.

"Misumari imeisha," yule kijana alisema. "Wewe umepata?"

"Nusu mche."

"Basi wewe ni tajiri. Tajiri anaitwa nani?"

"Piga simu posta. Sauti utakayoisikia ni yangu."

Kesho yake, katikati ya asubuhi, taa ya kibanda cha simu cha nje iliwaka kwenye ubao wa mitambo. Veronika akachomeka waya. "Namba tafadhali."

"Naomba namba ya dada mwenye kidole."

"Kibanda hicho kiko hatua kumi kutoka hapa nilipokaa. Si ungeingia tu?"

"Ningeingia ningepanga foleni. Naitwa Machage. Ni seremala."

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, watu wanahamia vijiji vipya, na kila kijiji kilitaka milango, madirisha na madawati. Machage hakukosa kazi, alikosa mbao. Lakini kila jioni alifika nyumbani kwa bibi Nyangi, ambako Veronika alipanga vyumba viwili, akakaa kwenye ngazi akimsikiliza akishona. Veronika alishona sare za shule. Simu ilikuwa kazi ya serikali, cherehani ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa ameinunua kwa kujinyima miaka mitatu, na siku moja ingemtoa kwenye ule ubao wa mitambo uliomuumiza masikio na mgongo, imfungulie duka lake.

"Ukishakuwa na duka," Machage alimchokoza, "utanipa kazi ya kufagia?"

"Nitafikiri. Una barua ya mwajiri wa zamani?"

Kuhusu ndoa hakusema kitu. Miezi minane, kimya. Veronika naye hakuuliza, ila alianza kuchoka kutouliza.

Alhamisi moja alirudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni akamkuta Machage kwenye ngazi, nyundo mapajani, jasho limemkaukia usoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Fremu yake ilikuwa mpya, mbao nyeupe ambazo bado zilinuka utomvu.

"Vero, usiingie haraka," alisema. "Kaa kwanza."

Hakukaa. Alisukuma mlango akaingia. Redio haikuwepo. Mashuka hayakuwepo. Kwenye meza karibu na dirisha palibaki alama nne za miguu ya cherehani na pini chache zilizotawanyika. Aliziokota pini moja moja, kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini.

"Nilipita saa tisa," Machage alisema akiwa mlangoni. "Walikuwa wamevunja, wamekwenda. Bibi Nyangi yuko shamba. Fremu ilikuwa imepasuka, mlango umelala chini. Nikasema huyu hawezi kurudi akalala nyumba iko wazi. Nikakimbia karakana kuchukua mbao."

"Hukwenda polisi?"

"Ningeacha nyumba wazi na nani? Na sikutaka uione imevunjwa."

Veronika alimwegemea kifuani akalia. Siku hiyo aliona hakuna mwanaume duniani kama huyu. Tena alikumbuka kitu kingine, akafuta machozi. Mwaka uliopita wakala wa bima alipita posta akawaandikisha wafanyakazi bima ya vyombo vyote vya nyumbani, na mshahara wake ulikuwa ukikatwa kila mwezi. Wenzake walimcheka. Cherehani iliandikwa mstari wa kwanza.

"Italipwa," alimwambia Machage. "Nitapata nyingine."

Asubuhi alikwenda polisi. Askari alikuja akatazama mlango, akaugonga gonga, akaandika alichokiona, kwamba mlango ni mzima. Hakuandika uongo. Ile karatasi Veronika aliichukua akaituma ofisi ya bima Musoma pamoja na fomu yenye kurasa sita. Kisha akaanza kungoja. Aliandika barua mbili. Akapiga simu Musoma mara nne kwa mkono wake mwenyewe, na mara nne akaambiwa mhusika ametoka. Sare za shule alizokwisha kukata kitambaa aliwarudishia wazazi zikiwa vipande.

Mkaguzi alifika baada ya wiki saba. Aliitwa Nikolaus, mtu mfupi, suti ya kaunda ya kijivu, sauti ya upole ya mtu aliyezoea kuwapa watu habari mbaya. Aliinama akakagua fremu kwa kidole.

"Ndugu Veronika, bima hii inalipa wizi wa kuvunja. Mlango ukisahaulika wazi, mwizi akaingia, hatulipi. Sasa mimi naona fremu mpya, na karatasi ya polisi inasema mlango mzima. Nani aliona umevunjwa?"

"Mimi," Machage alisema.

"Nani mwingine?"

"Mimi tu."

"Na aliyetengeneza?"

"Mimi."

"Vizuri. Fremu ya zamani iko wapi? Ikiwa na alama ya mtaimbo, kazi imekwisha."

Machage alitazama chini. "Nimeitumia."

"Umeitumia wapi?"

Veronika alimgeukia. "Machage, si umwambie? Uliitia wapi?"

"Nimesema nimeitumia."

Mkaguzi alifungua jalada lake taratibu. "Kuna swali moja kwenye fomu, dada, sina budi kuliuliza. Kuna mtu yeyote unayemshuku?"

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama juu ya bati. Veronika alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini alikuwa amechoka, amechoka na barua, na simu, na wazazi wa wanafunzi, na huyu mwanaume asiyesema kitu chochote hata cha kujiokoa, na ule uchovu ukamkalia ulimini. Alinyamaza. Labda kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Kisha akasema, "Hapana. Simshuku mtu."

Alikuwa amechelewa. Machage alikwisha kuokota kofia yake.

"Kwaheri, ndugu mkaguzi," alisema. Akatoka bila kumtazama Veronika.

"Nitarudi Tarime mwisho wa mwezi, Jumanne," Nikolaus alisema. "Nisipopata kitu cha kuonyesha palivunjwa, itabidi nifunge jalada. Pole, dada."

Bibi Nyangi alileta habari kesho yake. "Yule mura, kijana wako, amekwenda Sirari mpakani. Anatengeneza rafu za ofisi ya forodha. Karakana ameifunga kwa kufuli."

"Shikamoo, bibi. Na aende."

"Marahaba. Unasema aende, na macho mekundu hivyo?"

Wiki tatu zilipita zote zikifanana. Veronika alichomeka waya na kuchomoa. Aliwaunganisha watu na wake zao, na wadai wao, na habari za misiba yao. Usiku hakuota kitu. Kila taa ya Sirari ilipowaka moyo wake ulishtuka, na kila mara ilikuwa ni karani wa forodha mwenye mafua.

Jumatatu ya mwisho wa mwezi, mchana, taa ya Sirari iliwaka.

"Namba tafadhali."

"Sina namba."

Alishika kingo za meza. "Mteja asiye na namba anaharibu muda wa serikali."

"Basi nihukumu. Hujambo, Vero?"

"Sijambo." Kisha, kwa sababu waya ulikuwa mrefu na uso wake hauonekani, akasema alichokibeba wiki tatu. "Machage, nilinyamaza. Sikukushuku, wallahi sikukushuku. Nilichoka tu. Nisamehe."

Kule Sirari lori lilipiga honi. "Nilidhani umeniona mwizi," Machage alisema. "Kila ubao niliokata huku niliukata mara mbili, nilikuwa nakosea vipimo."

"Kwa nini hukusema ulikoipeleka?"

"Kuna vitu kwetu havitajwi kabla wazee hawajakaa. Wewe ni Mkurya, unajua."

"Vitu gani? Ni fremu ya mlango!"

"Mkaguzi anakuja lini?"

"Kesho. Anafunga jalada."

"Mwambie asifunge mpaka nifike. Vero..."

"Dakika tatu zimekwisha," alisema Veronika, kwa sababu karani wa zamu alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa sababu alikuwa anaanza kulia.

Jumanne Nikolaus alikaa kwenye ngazi za bibi Nyangi akinywa uji, jalada mapajani. Saa tano alitazama saa yake. Saa sita kasoro alifungua kalamu. Ndipo waliposikia watoto wakipiga kelele barabarani, na baada ya watoto ulitokea mkokoteni. Machage aliusukuma, ovaroli imemganda mwilini kwa jasho. Juu yake kililala kitanda kizima cha watu wawili, na nusu ya soko la Tarime ilikuwa nyuma yake ikitaka kujua kinakwenda kwa nani.

Alikishusha mbele ya mlango. Kilikuwa kitanda kizuri, miguu imechongwa, ubao wa kichwani umepigwa randa mpaka unang'aa. Machage alikipindua. Kwa nyuma, upande ambao ungeegemea ukutani, ubao ule haukuguswa. Rangi ya buluu ya zamani ilikuwa bado imeshika, ile ile iliyokuwa kwenye mlango wa bibi Nyangi, na katikati palikuwa na jeraha la mtaimbo, pana na refu kama kiganja.

"Mvule," Machage alisema, akihema. "Wa tangu Wahindi walipokuwa na maduka hapa. Mvule kama huu haupatikani tena, ndugu mkaguzi. Sikuweza kuutupa."

Nikolaus aliinama. Alipima jeraha kwa futi, akaenda mlangoni akalinganisha rangi, akarudi, akapima tena. Aliandika mistari mingi. "Palivunjwa," alisema mwishowe. "Hili nitalipeleka. Sasa, kwa kumbukumbu, kitanda hiki ni mali ya nani?"

Machage alimtazama Veronika. Alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya posta, nywele hazikuchanwa vizuri, viganja vimebana mdomo.

"Andika cha Veronika," Machage alisema. "Kilitengenezwa kwa ajili yake. Ng'ombe wa mahari bado hawajatimia, baba alisema nisifungue mdomo mpaka watimie, na mimi nimemsikiliza baba mpaka nikakaribia kumpoteza mtu. Sasa nimeufungua. Vero, kama unanikubali, ni chetu. Kama hunikubali, bado ni chako."

"Mbele ya mkaguzi wa bima," Veronika alisema. "Mbele ya soko zima. Wewe mtu."

"Sema basi, mwanangu, uji unapoa," bibi Nyangi alisema.

"Nimekubali. Miezi yote hii nilikuwa nimekubali, hakuna aliyeniuliza."

Soko likapiga vigelegele. Nikolaus alingoja vigelegele viishe, akakohoa, na kwa ile sauti yake ya upole akawaambia kuwa, kwa kusikitika sana, ubao wa kichwani ni kidhibiti. Ungepaswa kwenda naye Musoma. Pengine ungepelekwa Dar es Salaam. Ungerudi madai yakiisha, na madai, hakutaka kuwadanganya, huchukua muda.

"Muda gani?" Machage aliuliza.

"Muda," alisema mkaguzi.

Kwa hiyo Machage alitoa nyundo yake akaanza kukifungua kitanda alichokitengeneza kwa siri miezi miwili. Alichomoa misumari pole pole asiipinde, na kila mmoja aliouchomoa Veronika aliupokea kwenye kiganja, kwa maana misumari ilikuwa bado haipatikani. Mkaguzi aliandika namba ya jalada juu ya mvule kwa chaki, akaubeba begani akaenda nao stendi.

Walikaa kwenye ngazi wakitazama kitanda kisicho na kichwa.

"Cherehani itakuja," Machage alisema.

"Itakuja." Veronika alimwegemea bega. Mgongo ulikuwa unamuuma, na zamu yake ilikuwa inaanza saa nane. "Na kitanda kitakuja. Siku zote hizo tutalala wapi?"

"Nitatafuta mbao nyingine."

"Usitafute. Bibi Nyangi ana mkeka," Veronika alisema, akamwekea misumari mkononi, akamkunja vidole juu yake.