Mdomo Uliochelewa

Mama alikuwa anaanua nguo, vibanio viwili mdomoni, shuka lenye unyevu begani, shemeji yake alipoingia uani bila hata kupiga hodi. Kiza kilianza kutanda. Akauliza kama kaka yake amesharudi.

Mama akatikisa kichwa. Mdogo huyu wa mumewe alikuwa mtu wa utani, haingii bila kumtania kuhusu chumvi ya mboga zake. Leo midomo ilimkauka.

Akaeleza kwa vipande. Ndugu hao wawili walifanya kazi studio moja, wakitengeneza katuni ya mtandaoni ya Mabega, yule mwanaume mwenye mabega mapana kama kabati na shingo hana, ambaye watoto wa mtaa mzima humwigiza. Kaka alimpa sauti. Mdogo alimchora mdomo. Na kazi hiyo ina utaratibu wake: sauti hurekodiwa kwanza, mdomo huchorwa baadaye uifuate.

Mchana kaka aliingia chumba cha kurekodia. Hakutoka. Mlango ni mmoja, na mdogo mtu alikaa mbele yake muda wote. Walipofungua wakakuta viatu tu.

"Na Mabega?" Mama akauliza, wala hakujua kwa nini.

"Anasogea, shemeji. Sijamchora, lakini anasogea."

Mlango ukagongwa.

Harufu ilitangulia... kama mashine iliyopata moto kupita kiasi.

"Mama watoto, nifungulie."

Sauti ya mumewe, na mkwaruzo wake ule ule. Kabla hajawazuia, wanawe watatu walishafungua. Akaingia pekupeku, na shati lile la asubuhi. Akauliza habari za hapa nyumbani.

Maneno yalifika.

Kisha mdomo ukasogea.

Labda ni uchovu, Mama akajiambia; tangu alfajiri hajaweka makalio chini. Yule mtu akamuuliza kitinda mimba kama ana njaa. Sauti... kimya kidogo... mdomo. Mtoto akacheka, akidhani baba analeta mchezo, akampanda mgongoni.

Shemeji akamvuta Mama jikoni, akamshikisha simu. Kwenye kioo alikuwa Mabega, amebandika viganja kwa ndani. Mdomo ulifunguka na kufungika, sauti haitoki. Mama hakusomea kusoma midomo. Lakini mtu uliyelala naye miaka yote hiyo, unajua anavyokuita.

Akashika ukingo wa meza.

"Huyu ndiye," akanong'ona. "Yule ni nani?"

"Sijui. Ila sauti ya kaka anayo yeye. Ukimfukuza, ataondoka nayo."

Sebuleni watoto walikuwa wanacheka. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akapakua wali.

Aliketi katikati, kati ya yule mtu na wanawe, kitinda mimba akamweka upande wake wa mbali. Simu akaiegemeza kwenye jagi, ikitazama chakula, nayo akaiwekea sahani. Akamtuma mkubwa alete chaja.

"Karibuni," sauti ikasema. Baadaye kidogo, mdomo.

Hakuna aliyeanza kula. Mama akahesabu kimoyomoyo, kama afanyavyo kila jioni. Watoto watatu. Shemeji. Yeye mwenyewe. Sauti ya mume wangu, ile pale. Mume wangu, huyu hapa.

Wote wapo.