Nani Alisema Sitaki?

"Karani, niangalie. Hii sahihi ni ya nani?"

Karani hakuinua uso. Kwa miaka miwili na nusu Spana alikuwa akimwita "mwenzangu", hata mbele za watu. Leo alimwita Karani, kama walivyomwita wote waliofika pale na bahasha za vyeti kuomba kupelekwa kazini. Alisimama mbele ya meza yake na kizibao cha njano cha wakala, jasho la kiwandani halijamkauka, karatasi mkononi. Alikuwa fundi wa mashine za sabuni. Wenzake walimbandika jina la Spana kwa sababu spana haikutoka mfukoni mwake hata akienda arusini.

"Nakuuliza wewe."

"Umeitoa wapi?"

"Kanipa msimamizi. Asubuhi kaniambia, Spana, wewe ni mtu wa ajabu, unapewa ajira ya kudumu tawi jipya, unakataa. Nikadhani ananitania. Akanitolea hii. Imeandikwa, mfanyakazi hayuko tayari kuhama. Chini jina langu, na sahihi yangu."

Karani aliifahamu ile karatasi tangu Spana akiwa mlangoni. Ofisi yao ilikuwa wakala wa ajira. Viwanda viliomba watu, wao wakawapeleka, na mikataba ikaongezwa mwezi mmoja mmoja. Kiwandani hawakuruhusu mtu kuacha mashine aje kusaini, basi Karani aliwasainia. Wote walijua, na wengi walimshukuru, maana asiyesaini alirudi nyumbani. Sahihi ya Spana mkono wake uliizoea kuliko ya kwake mwenyewe.

"Ni mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Huko ni safari ya siku mbili."

"Nimeuliza kwa nini."

"Ungekwenda, mimi ningebaki. Mama yangu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Nani atamwogesha, nani atamgeuza? Nikajiambia, akishapata kazi ya kudumu huko, atapata na mwingine huko huko."

Spana akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Miaka minne nimevaa kizibao hiki. Wa kudumu wanakula ndani mezani, mimi nakula nje nimeegemea ukuta. Nilikuambia nini? Siku nikipata ya kudumu, siku hiyo hiyo mjomba wangu anakuja kwenu. Sasa nieleze, ulikuwa unakataa kazi, au ulikuwa unanikataa mimi?"

Karani akaanza kupanga upya bahasha za mezani.

"Wanafunga orodha leo saa tisa. Msimamizi anataka barua ya wakala kwamba sikusaini mimi. Sikuja kugombana. Nimekuja kuchukua barua."

Akatoka, akaketi kwenye benchi la nje, katikati ya watu na bahasha zao.

Karani akaingia kwa Bosi, akamweleza yote. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Unataka niandike kwamba ofisi yangu inaghushi sahihi?"

"Hii moja tu, Bosi."

"Watauliza na nyingine. Watu mia na ishirini wako pale kupitia mlango huu. Unataka wote warudi? Vijana hukasirika, kisha hupoa. Atapoa. Ukifungua mdomo, leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Pale mapokezi alikaa mama mmoja mtu mzima ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, alikwisha kusikia yote.

"Usifanye, mwanangu," akanong'ona. "Mimi nilifika hapa nina miaka hamsini na miwili. Kila ofisi ilikuwa inaniambia tutakupigia. Bosi ana mdomo mchungu, lakini ndiye aliyenipa kiti. Wapo wanaoilaani ofisi hii, mimi siwezi."

"Na Spana, Shangazi? Yeye alipewa nini hapa?"

Shangazi akatazama dirishani, akamwona Spana kainama, viwiko magotini. Halafu akaisogeza simu ya mapokezi mpaka mbele ya Karani.

"Tumia hii. Mimi nakwenda kuchemsha chai." Lakini hakwenda. Alisimama mlangoni mwa Bosi, akaujaza kwa mwili wake. Karani akapiga namba ya kiwanda.

"Afisa utumishi, nani mwenzangu?"

"Shikamoo mzee. Mimi ni karani wa wakala. Ile fomu ya Spana nimesaini mimi. Yeye hakuulizwa."

Karani akasikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa. Bosi wangu hakujua. Fomu za kila mwezi huwa nawasainia kwa sababu hamwaachi kutoka. Hii nilisaini kwa sababu yangu mwenyewe."

"Sababu gani hiyo?"

"Nampenda, mzee. Niliogopa ataondoka."

Shangazi akageuza uso ukutani.

"Binti, unajua maneno haya yanaweza kukufikisha pabaya?"

"Najua."

Yule mzee akashusha pumzi. "Yaandike kwa mkono wako, weka jina lako. Spana aje nayo kabla ya saa tisa."

Karani aliandika huku machozi yakidondokea meza. Spana aliisoma akiwa amesimama, mara mbili.

"Na wewe je?"

"Nenda. Muda unakwenda."

Akaenda, hakuaga. Kabla ya saa kumi Karani naye alikuwa nje ya geti, amefukuzwa, na Shangazi ndiye aliyembebea mfuko mpaka barabarani.

Jioni alimsimulia mama yake. Mama akasikiliza huku anakunja leso yake mapajani.

"Na mimi nani aliniuliza?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Kuhama. Umemkatalia yeye, ukanikatalia na mimi. Miguu ndiyo iliyokufa. Hamu ya kuona mji mwingine ninayo."

Karani akalia mpaka mama akamvuta kichwa, akakilaza mapajani.

Kesho yake basi la kiwanda liliondoka na Spana ndani. Karani akatuma ujumbe: "Nisamehe. Safari njema." Aliona umesomwa. Jibu halikuja.

Wiki zikapita. Sasa yeye ndiye aliyeketi kwenye mabenchi ya mawakala wengine na bahasha yake. Kila mahali waliuliza swali moja, kwa nini uliacha kule, naye akasema kweli, wakasema watampigia. Alikonda. Jambo moja tu lilimshangaza. Kila jioni simu ya mama iliita, na aliyepiga alikuwa Spana.

"Anasemaje?"

"Ananisalimia tu. Anauliza kama nimekula."

"Kunihusu mimi je?"

"Hajakutaja, mwanangu. Sitakudanganya."

Karani alikuwa akiingia jikoni, anafungua bomba la maji ili mama asimsikie akilia.

Wiki ya sita, mama akamnyooshea simu. "Leo anakutaka wewe."

Karani akaipokea. "Haloo."

"Bado nina hasira," akasema Spana.

"Najua."

"Nilikuwa nasubiri ziishe ndipo nikupigie. Naona zinachelewa."

"Unayo haki. Nilikuamulia maisha yako."

"Uliniamulia. Halafu ukaenda kujiunguza mwenyewe ili uyarudishe. Hayo mawili nayageuza kila siku nikiwa kwenye mashine." Akakohoa kidogo. "Nimepata nyumba. Vyumba viwili, haina ngazi. Mlango wa mbele ulikuwa mwembamba, nikamwomba mwenye nyumba, Jumapili mbili nimeupanua. Mama alinitajia upana wa kiti chake. Kinapita."

Karani akageuka. Mama alikuwa anatazama dirishani kama mtu asiyekuwepo.

"Spana, unaniambia nini?"

"Nakuuliza, mwenzangu. Mjomba aje kwenu Jumamosi, au asije? Ukisema ndiyo, utanikuta na hasira zangu hivi hivi. Tutazimaliza tukiwa nyumba moja."

Neno lilimfika mdomoni, akalizuia. Akaishusha simu, akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Mama, unataka tuhame?"

"Nguo zangu jirani alinikunjia tangu Jumatatu," mama akasema. "Nilikuwa nakungoja uulize."

Karani akairudisha simu sikioni.

"Aje."