Mizimu Saba ya Profesa

Saa sita mchana foleni ya duka la kuchapisha ilikuwa imefika barabarani, na aliyeichelewesha alikuwa mwanamume mmoja aliyevaa koti la kahawia na skafu ya sufu shingoni, katika joto lile. Alikuwa akimlalamikia mhudumu kwamba mchoro wake wa mbwa mwitu umetoka umefifia.

"Huyo si mbwa mwitu," sauti ilisema nyuma yake. "Ni mbwa wa jirani aliyekosa usingizi."

Msemaji alikuwa mchoraji wa mabango, mwanamke mrefu mwenye gauni la kijani lililojaa madoa ya rangi, penseli mbili zimechomekwa kwenye nywele. Mwanamume aligeuka tayari kujibu, akamtazama, akamsogezea karatasi zake azione.

Marafiki zake walimwita Profesa kwa kejeli, naye aliipokea kama shahada. Alikuwa akitunga mchezo wa mezani: watu wanakaa, kila mmoja anaigiza shujaa wake, kete zinaamua nani apone. Kila shujaa analindwa na mzimu wa mnyama.

"Ni wanyama wa hadithi za wahenga wetu," alieleza.

"Wahenga wetu gani hao walimjua dubu?" Mchoraji alinyooshea kidole karatasi ya pili.

Profesa aliinama, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kwa kicheko hicho tu mchoraji akampa namba ya simu, ingawa alijidharau njia nzima ya kurudi kazini.

Kwa miezi mitatu walifanya kazi kwenye meza ya kuchorea ya mchoraji. Wanyama wa kweli walitoka kwa bibi yake mchoraji, mwalimu mstaafu aliyefundisha lugha miaka thelathini na miwili. Bibi alisimulia, mjukuu akachora, Profesa akaandika. Fisi alipewa kulinda mlango wa wafu kwa kuwa yeye peke yake hakuchukizwa na harufu. Bundi hakuwa mchawi, alipeleka salamu kwa jamaa walio mbali. Nungunungu alimgawia kila rafiki mwiba mmoja, vita vikamkuta uchi.

"Sasa mzimu wa nungunungu unampa mchezaji nini?" Profesa aliuliza kwa simu asubuhi moja.

"Marafiki. Na baridi."

"Nakupenda, unajua?"

"Najua. Unampenda kila anayekufanyia kazi."

"Malkia wangu, ulimi wako unakata."

"Basi malizia sura ya bundi kabla haujakufikia."

Mizimu ilipotimia saba, wachapishaji waliokubali kuutoa mchezo waliwaita watu ukumbini wauone. Bibi alikuja na suti yake ya buluu na viatu vilivyong'aa, akakaa safu ya pili kando ya mjukuu wake. Profesa alipanda jukwaani, akaona watu wengi, kichwa kikavimba.

"Hadithi hizi nimezichimbua mwenyewe," alisema, "kwa wazee wasiojua hata kushika kalamu."

Makofi yakapigwa. Bibi alivua miwani, akaifuta polepole, akaivaa tena, kama anayetaka kuhakikisha ni nani anayesema. Kisha yeye na mjukuu wake wakatoka.

Simu ililia kabla hawajafika nyumbani.

"Mpenzi, mbona mmeondoka?"

"Bibi amewahi darasa. Anajifunza kushika kalamu."

"Yale ni maneno ya biashara tu. Watu wanapenda kusikia hivyo."

"Nilidhani hujui wanyama tu. Kumbe hata watu huwajui. Nirudishie michoro yangu."

Keshoye tarishi aliileta, yote, bila barua. Mchoraji akahitimisha kwamba amepatikana mchoraji mwingine, mwenye ulimi mfupi. Wiki saba aliishi kwa hasira hiyo. Alipomwota, aliamka akijisonya.

Jumamosi ya wiki ya nane alikwenda kwa Bibi bila kupiga simu. Profesa alikuwa mezani, shati limekunjwa mikono, mbele yake karatasi zilizosahihishwa mpaka pembeni.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anafanya makosa," Bibi alijibu. "Jumamosi ya nne hii. Kabla ya hapo nilimwacha mlangoni mara tatu."

"Na wachapishaji wake?"

Profesa hakuinua macho. "Niliwaambia kesho yake kwamba hadithi ni za mwalimu wa lugha. Wakasema mwalimu hauziki, wanataka mzee asiyejua kusoma. Nikaachana nao, nikawaachia yule dubu tu, nikarudisha michoro kwa mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema najisifu."

"Ningesema," mchoraji alikiri.

Bibi akakohoa. "Kijana, lile ulilonieleza asubuhi, mwambie mwenyewe. Mimi nasahihisha tu."

Profesa akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikosa pa kuweka mikono. "Nataka kukuoa."

Mchoraji alimtazama kama anavyotazama bango lililopinda. "Bado nakudharau."

"Kiasi gani?"

Alipima. "Robo."

"Robo naweza kuishi nayo."

Mchoraji akavuta kiti, akakaa bega kwa bega naye, akaichukua karatasi iliyokuwa juu.

"Sawa," alisema. "Lakini siku ya harusi, hupewi kipaza sauti."