Masuke ya Kwanza

Mtama wa Mama Selipher ulikauka karibu wote shambani Busia kabla ya kukomaa. Mvua siku hizo zilikuwa zikikatika mapema. Mbegu iliyobaki ilitosha kupanda mara moja tu.

Mwanawe Protus alikuwa dereva wa jumba moja huko Jeddah, Saudia, mtaa wa Al-Hamra. Mkewe Rosebellah alifanya kazi za ndani katika jumba hilohilo. Walipata habari hiyo Protus akiosha gari la bosi.

"Mvua imebadilika, mbegu haibadiliki," alisema Protus.

"Inabadilika," akadakia Justus, mlinzi wa jumba la jirani. Huko nyumbani aliwahi kuzalisha mbegu na kikundi cha wakulima. "Ila nyinyi mnaibadilisha vibaya. Masuke yanayowahi kukomaa mnayafanyia nini?"

Rosebellah alicheka. "Tunachoma tunakula! Na njaa ile, nani angoje?"

"Na mbegu?"

"Yale ya mwisho. Ndiyo makubwa."

Justus aliomba sinia na maharagwe meupe na mekundu.

"Meupe ni mtama unaowahi. Mekundu ni unaochelewa. Kila msimu mnakula meupe."

Akatoa meupe kadhaa, akaweka mekundu mahali pake. Akarudia, akarudia. Sinia likawa jekundu.

"Mvua ikikatika, haya yote halas, yamekwisha."

Akaanza upya. Safari hii aliyaacha meupe yawe mbegu, akawa anatoa mekundu na kuweka meupe mahali pake. Meupe yakaongezeka kila msimu.

"Huu ni mfano tu," alisema. "Shambani kuna ndege na wadudu. Lakini mmea mmoja haubadiliki. Shamba zima ndilo hubadilika, kwa kufuata mimea inayoacha mbegu."

Jioni Protus alipiga simu. "Mama, masuke ya kwanza kukomaa yafunge uzi, yawe mbegu. Usiyale."

"Wewe unayekunywa maji ya bahari yaliyochujwa ndiye wa kunifundisha mtama? Au ni mkeo ananinyima chakula?"

"Ni mimi, Mama," Rosebellah akaitikia kando ya mumewe. "Ninakunyima kwa sababu ninakupenda. Mahindi tutakununulia."

Mama akakubali. "Basi mninunulie na sukari."

Msimu wa kwanza alivuna kidogo. Wa pili ukazidi kidogo. Wa tatu, mvua zilikatika mapema kama kawaida, na mtama mwingi ulikuwa umeshakomaa. Majirani wakaja kuomba mbegu.

Mbegu hiyo iligharimu magunia manne ya mahindi, na sukari. Iligharimu Krismasi mbili ambazo Protus na Rosebellah hawakwenda nyumbani kwa kubana matumizi. Na kwa misimu mitatu, Mama Selipher hakuonja mtama wa kuchoma.