Majivu ya Usiku wa Tano

Mimi ni mtu wa kanisani na habari hii siipendi, lakini Saturnina ni rafiki yangu na hasemi uongo. Waasi walilipua lori la wanajeshi korongoni, huku kwetu Ayacucho, kisha wakawamaliza majeruhi kwa mawe. Mdogo wake, Eleuterio, alikuwa kwenye lori hilo.

Akienda kuteka maji, Saturnina akakutana na waasi, akamsogelea mmoja wao.

"Mwanangu, niambie tu. Mdogo wangu aliyekuwa kwenye lori, amekufa?"

"Yule mlialia? Alitoroka, mama! Akifika mpake mafuta magotini, ametambaa sana."

Wenzake wakacheka. Saturnina hakujua amwombee kama mtu aliye hai au kama maiti. Basi usiku wa tano tangu lori lilipuliwe akafanya tunavyofanya sisi: akanyunyiza majivu sakafuni kutoka mlangoni hadi kitandani na kukizunguka kitanda chote, maana marehemu akija huacha unyayo. Akazima taa, akapanda kitandani, akasali.

Mlango hakuusikia. Alisikia majivu yakikanyagwa taratibu, kwa muda mrefu kuliko mtu mmoja anavyohitaji kuvuka chumba kile.

Kulipopambazuka akatazama chini. Nyayo za miguu mitupu, kubwa kwa ndogo, zilikuwa zimekizunguka kitanda pande zote. Hakukuwa na hata unyayo mmoja uliorudi mlangoni.